Sekunde 20 za sauti yangu na karafuu za Ami

Oktoba 2015 nilikuwa na miaka 26, mtangazaji wa kipindi cha usiku kwenye redio moja ya binafsi mjini Unguja. Jina la redio siliandiki, maana kosa ninalolisimulia ni langu. Mshahara ulikuwa mdogo na ulichelewa, lakini sauti yangu ilikuwa inajulikana. Nikipanda daladala na kusema "shusha", watu wanageuka kunitazama. Nililipenda hilo. Nikaamini kwamba mtu akishaijua sauti yako, anakusikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Mimi mzaliwa wa Pemba, upande wa Wete. Baba alifariki nikiwa skuli ya msingi, na aliyenilea na kunisomesha ni Ami, ndugu yake baba, kwa karafuu. Sare zangu, madaftari, nauli ya boti ya kuja Unguja kusoma, vyote vilitoka kwenye mikarafuu ile ile aliyoiachiwa na babu. Naliweka hili mapema kwa sababu bila ya hilo hadithi yenyewe haina uzito.

Kura za uchaguzi mkuu zilipigwa Jumapili ya tarehe 25. Siku ilipita kwa utulivu, watu wakarudi majumbani kusubiri. Jumatatu Maalim Seif Sharif Hamad, mgombea urais wa Zanzibar wa chama cha upinzani, CUF, aliwaita waandishi akasema kwa hesabu za chama chake yeye ndiye mshindi. Tume ya Uchaguzi ilikuwa bado inatangaza jimbo moja moja pale hoteli ya Bwawani. Mpaka kufika Jumatano ilikuwa imetangaza majimbo 31 kati ya 54. Hapo katikati, baina ya hesabu za chama na matangazo ya Tume, ndipo redio ilipotakiwa isimame na kuwaambia watu: hizi ni fomu alizozijumlisha mgombea, haya ni matokeo yaliyotangazwa, na haya majimbo mengine bado. Dakika tatu zingetosha. Hatukufanya. Tuliambiwa tusome yaliyotangazwa na Tume, kisha tuweke muziki. Basi ikawa jimbo, taarab, jimbo, kasida.

Simlaumu sana meneja wetu. Habari si jambo la Muungano, Zanzibar tuna sheria zetu wenyewe: ile ya magazeti, Namba 5 ya 1988, na ile ya Tume ya Utangazaji ya 1997. Kila mwenye redio anajua leseni inavyopatikana na inavyoweza kuondoka. Wakubwa pale kazini walilikumbuka vizuri gazeti la Dira, la mhariri Ali Nabwa, lililofungiwa Novemba 2003. Hofu hiyo tuliirithi pamoja na viti na meza.

Lakini redio ikinyamaza, watu hawanyamazi. Kwetu habari haiishii redioni, inaishia barazani. Nenda Jaws Corner, pale Soko Muhogo, wakati wa kahawa. Mmoja kasoma gazeti, mmoja kasikiliza BBC usiku, mmoja kapigiwa simu na shemeji yake wa Chake Chake, Pemba, na kila mmoja anaweka chake kwenye sinia. Inayotoka pale ndiyo habari ambayo mtu anaondoka nayo kwenda nyumbani, na ndiyo atakayoitumia kuamua kama kesho afungue duka au asifungue. Tulipowapa taarab siku tatu, waliijaza ile nafasi kwa walichokuwa nacho mkononi, na kilichokuwepo mkononi kilikuwa simu.

Jumanne ya tarehe 27 simu yangu ilikuwa na makundi 14 ya WhatsApp yanayonguruma. Saa 12 jioni ukaingia ujumbe kwamba kuanzia kesho magharibi Pemba nzima hakuna kutoka nje, amri itatangazwa asubuhi. Haukuwa na jina la aliyeuandika. Nilimpigia rafiki yangu anayefanya kazi ofisi moja mjini, nikamuuliza kama kalisikia jambo hilo. Akasema, "Nimelisikia, hata mimi nimelipata." Nikaandika kwenye daftari langu: watu wawili. Sikumuuliza kalipata wapi. Kumbe naye kaletewa ujumbe ule ule, neno kwa neno, kwenye kundi jengine. Tulichota kisima kimoja kwa ndoo mbili, mimi nikahesabu visima viwili.

Saa 2 kasorobo usiku niliyasema haya hewani. Nayajua kwa moyo mpaka leo:

"Zipo taarifa zinazozunguka kwamba kuanzia kesho magharibi hakutakuwa na ruhusa ya kutoka nje kisiwani Pemba. Wenye wagonjwa, wenye safari na wenye karafuu mashambani ni vyema wakajitayarisha mapema. Taarifa hizi bado hatujazithibitisha, na tunaendelea kuzifuatilia."

Nilitoka studio nimejiridhisha. Nimesema "zinazozunguka", nimesema "hatujazithibitisha", nini tena? Na lile neno la karafuu nililiongeza mwenyewe kwa mapenzi. Nilikuwa nawafikiria watu wangu.

Hakuna aliyebeba ile sentensi ya mwisho. Mtu mmoja aliyekuwa akisikiliza alikuwa akirekodi kwa simu. Akakata mwanzo, akakata mwisho, ikabaki sauti ya sekunde 20 inayoanza "kuanzia kesho magharibi" na kumalizikia "wakajitayarisha mapema". Kabla ya saa 4 usiku niliipokea mwenyewe, kutoka kwa mtu asiyejua kuwa ni mimi, na chini yake kaandika: "Tayari imetangazwa redioni."

Ami ana simu ya kitochi, WhatsApp haijui. Kijana wa jirani ndiye aliyekwenda kumsikilizisha. Ami aliniambia baadaye kwamba mwanzo hakuamini, akasema huu ni uzushi wa vijana, na aliposikia sauti akasimama. "Huyu ni mtoto wetu mwenyewe anayesema." Hakuhitaji ushahidi mwengine.

Ulikuwa msimu, karafuu zimechumwa, na zilizochambuliwa zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kambini shambani, mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani. Zilikuwa na siku mbili za jua. Karafuu inataka siku nne, tano, na wakati wa vuli jua lenyewe la kuviziana na mawingu. Ami akapiga hesabu ya mtu mwenye akili timamu: ikiwa kesho magharibi hakuna kutoka, nani atalala na karafuu kambini? Nani atazifunika mvua ikija usiku? Jumatano alfajiri alichukua wachumaji wake, wakazizoa, wakazitia kwenye magunia zikiwa bado mbichimbichi, wakazipeleka nyumbani kwa gari ya ng'ombe na kuzipanga uvunguni na ukumbini.

Asubuhi hiyo hiyo mimi nilikuwa naamka na wasiwasi. Nilimpigia sheha mmoja, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, ninayemjua kule, nikampigia mwalimu wangu wa zamani, nikampigia ndugu aliyekuwa mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba. Wote watatu walisema hawana amri yoyote waliyoletewa. Nikaandika masahihisho, nikamuomba meneja niyasome hapo hapo, saa 4 asubuhi. Akanambia nisubiri kipindi changu, usiku. Nikasubiri. Hilo ni kosa langu la pili, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nililifanya kwa kutojua. Hili la pili nilijua, nikakaa.

Mchana wa siku hiyo Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alionekana kwenye televisheni akitangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar.

Aliyekuwepo mjini siku ile anajua. Maduka yalifungwa kimya kimya, wazazi wakawa wanawaita watoto ndani. Na mimi simu zikaanza kuingia, watu wananisifu. "Wewe ulijua mapema!" "Ulitutayarisha!" Uchaguzi kufutwa na amri ya kutotoka nje ni vitu viwili mbalimbali, lakini kwa mtu aliyekwisha kuogopa, hili lilikuwa ushahidi wa lile. Uzushi wangu ukapata nguvu kutoka kwenye habari ya kweli. Nakiri mbele ya Mungu kwamba kwa dakika chache nilizifurahia zile sifa.

Usiku nilisoma masahihisho yangu. Yalichukua sekunde 9, nyuma ya taarifa ndefu ya kufutwa kwa uchaguzi. Hakuna aliyeyarekodi wala kuyarusha. Ami hakuyasikia kabisa, na magunia yakabaki yamefungwa. Kisha ikaja mvua.

Nilivuka kwenda Pemba katikati ya Novemba. Nilipoingia, kabla ya kuvua viatu, niliisikia harufu. Karafuu nzuri inachoma puani, kali na safi. Hii ilikuwa nzito, kama kitu kilichochacha. Ami alifungua gunia moja akaniambia, "Tia mkono." Nikatia mpaka kwenye kiwiko. Kati ya gunia kulikuwa na joto, joto la kitu kilicho hai. Nilipotoa kiganja kilikuwa kimejaa karafuu zilizosinyaa, rangi ya majivu iliyochanganyika na weusi, nyingine zimeshikana kwa ukungu mweupe, vichwa vyake vimepukutika. Mpeta. Karafuu yoyote iliyofungiwa na maji yake inakuwa hivyo. Mtoto wa Pemba analijua hilo kabla hajajua kusoma, na Ami alilijua wakati anafunga zile kamba. Alichagua mpeta kuliko kuibiwa, kwa kuwa sauti yangu ilimwambia hakuna la tatu.

Kwa makadirio yake zilikuwa kilo 90 baada ya kukauka. Bei ya daraja la kwanza wakati ule ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo, yaani shilingi 1,260,000. Alizoweza kuzichagua na kuziokoa hazikufika hata robo. Wachumaji walikuwa wanadai, na deni la mchumaji halingoji.

"Ami, nimekuja kuomba radhi," nilimwambia.

Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Wewe ulisema, mwanangu, lakini hukusema umesikia kwa nani." Hakuongeza neno, wala hakulirudia tena mpaka leo. Nililipa lile deni la wachumaji kutoka kwenye mshahara wangu kwa miezi saba. Pesa zilizobaki za hasara yake hakutaka kuzichukua.

Siku zile nilikuwa silali vizuri, na nilifikiri kuacha kazi. Aliyenizuia, bila ya kukusudia, ni Bibi, mama yake Ami, ambaye alikuwa msichana zama za siasa, ile miaka ya vyama kabla ya mapinduzi. Alinisimulia jinsi magazeti yalivyokuwa yakisomwa kwa sauti barazani, hawa na lao, wale na lao. Mwongozi lilikuwa upande wa Hizbu, yaani chama cha ZNP, Afrika Kwetu upande wa Afro-Shirazi. Watu wengi hawakujua kusoma, wakamsikiliza anayesoma, na msomaji anaruka asichokipenda. Ikafika ndugu hawaalikani harusi. Akanambia uchaguzi wa Julai 1963, waliosomewa viti tu walijua kuna mshindi na mambo yamekwisha, na waliosomewa kura tu walijua kuna dhulma. Niliporudi mjini niliangalia vitabu: Afro-Shirazi walipata kiasi cha asilimia 54 ya kura na viti 13, na Hizbu na ZPPP walioungana wakapata viti 18. Tarakimu zote mbili ni za kweli. Aliyepewa moja bila ya nyengine alikuwa kashaongozwa njia. Miezi sita baadaye, Januari 12, 1964, wengi waliyajua mapinduzi kwa kumsikia John Okello, mmoja wa viongozi wake, redioni kabla hawajamuona mtu yeyote mwenye silaha.

Niliyafikiria sana maneno ya Bibi tarehe 20 Machi 2016, uchaguzi uliporudiwa. Mjini nilikuwa nimepanga chumba katikati ya majirani wawili, ukuta kwa ukuta. Mmoja hakosi taarifa ya habari ya televisheni ya serikali. Mwengine anasubiri idhaa za Kiswahili za nje usiku. Matokeo yalipotoka, wa kwanza akawa anasema asilimia 91.4, Dk. Shein, Rais aliyekuwepo wa CCM, kapendwa na watu wote. Wa pili anasema CUF walisusia, hakuna kilichofanyika. Mimi nikikaa nao kibarazani nilikuwa naona kwamba hawagombani juu ya maoni. Kila mmoja ana nusu ya sentensi, na nusu hiyo hakuiokota, alipewa. Ile 91.4 ni ya kweli na kususia ni kweli, na ukisoma moja bila ya nyengine umesema uongo bila ya kutamka neno la uongo. Tangu siku hiyo nikiandika taarifa ya matokeo naziweka zote mbili kwenye pumzi moja, ili hata mkasi wa simu ukipita uzichukue pamoja.

Hili la mkasi ndilo ninalolifundisha zaidi sasa, maana baada ya miaka michache niliacha utangazaji wa kila siku na nikawa nawaelekeza vijana wanaoanza. Nawaambia wasiweke tahadhari mwisho. Mwisho hukatwa. Tahadhari iingie katikati ya habari yenyewe, imeshikana nayo: "amri ambayo hakuna sheha wala ofisa aliyetwambia ameiona." Jaribu kuikata hiyo. Na kama huwezi kuitamka habari kwa namna hiyo, basi bado hujawa nayo.

Pia nawaambia waulize "nani kaona?" badala ya "umesikia?". Watu mia wanaweza kusikia kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekiona. Siku ile simu tatu za asubuhi zilinichukua dakika 15, na dakika hizo 15 ningekuwa nazo jioni ya jana yake kama ningezitafuta. Kwa Pemba piga simu Pemba. Mambo ya Mkoani muulize aliye Mkoani, hata kama wewe ni mtoto wa pale.

Masahihisho yasomwe saa ile ile unayojua umekosea, na yarudiwe kila saa, kwa sauti ile ile iliyokosea, kwa urefu usiopungua ule wa kosa. Kisha yarekodi mwenyewe, yakate mwenyewe, yarushe kwenye makundi yale yale. Hayatakwenda mbali kama uzushi, hilo nalijua, lakini yatakwenda. Na kama kosa limemgusa mtu unayemjua, mpigie. Mimi nilikuwa na namba ya Ami kichwani. Nilikuwa nimesahihisha hewani kwa maelfu ya watu, na haikunipitia kumpigia mtu mmoja mwenye simu ya kitochi. Katika yote, hili ndilo linaloniuma.

Juu ya kimya nina msimamo mkali, na wengine kazini hawakubaliani nami. Naona redio inayopiga taarab wakati watu wanasubiri matokeo imeshatoa habari: imesema kuna jambo tunalolijua na hatuwaambii. Ukiwa huna jipya, sema huna jipya, kila nusu saa, na utaje yaliyopo: majimbo mangapi yametangazwa, mangapi bado, nani mwenye mamlaka ya kutangaza. Hayo hayana wa kumkasirisha. Meneja anaweza kuyakubali akielezwa vizuri, na mimi 2015 sikujaribu hata kumueleza.

Oktoba 2020 mtandao ulisumbua siku zile za uchaguzi, WhatsApp ikawa haifunguki mpaka mtu atafute njia za pembeni, na wengi hawakuzijua. Bando lilikuwa halina kazi. Watu wakarudi kwenye simu ya kawaida na kwenye redio. Vijana wangu walikuwa zamu, nami niko nao, na tulikuwa tumeshaandika mapema kwa mkono namba za masheha, walimu na watu wa bandarini kisiwa kizima, Unguja na Pemba. Kazi yetu kubwa ilikuwa kusema kipi hakijatangazwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 simu yangu iliita. Ami.

"Huku panasemwa mengi," akasema. "Panasemwa kesho hakuna kutoka. Nina karafuu nje. Kweli au si kweli?"

"Ami, nimewapigia watu wanne waliopo huko, wa mwisho sasa hivi. Hakuna aliyeona amri. Zaidi ya hapo sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Ami."

Nilimsikia akimgeukia mtu, labda kijana wa jirani, akimwambia: "Kasema hajui. Mpigie sheha." Kisha akarudi kwenye simu akaniuliza kama nimeshakula.